Ekseli Kuukuu Kwihara: Kuchagua Chuma Chakavu cha Mkokoteni

Msimu wa mavuno ukiwadia, kila mwenye maksai katika Uyui, Sikonge na Urambo, mkoani Tabora, anaulizia mkokoteni. Kuna marobota ya tumbaku ya kufikisha ghalani, magunia ya mpunga na mahindi ya kutoa shambani, kuni, matofali, mapipa ya maji. Mkokoteni mpya wa kiwandani ni ghali, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukuundia unaoushinda, ilimradi umpelekee ekseli inayofaa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaingia kwenye uwanja wa vyuma chakavu, wanaiona ekseli ya lori imelala majanini, wanaipiga teke na kusema hii haivunjiki. Kweli, haivunjiki. Watakaovunjika ni ng'ombe.

Kabla hujatoa pesa, shika hili moja: usitafute chuma kizito kuliko vyote. Tafuta chuma chepesi kuliko vyote kitakachohimili mzigo wako. Kila kilo ya ziada unayoifunga chini ya bodi inalipiwa na mnyama, kwenda na kurudi, mwaka hadi mwaka. Ekseli uliyoletewa bure inaweza kuwa ghali kuliko uliyoinunua.

Njia ya kale inayopita Kwihara, jirani na mji wa Tabora, ina historia ndefu ya magurudumu yaliyoshindwa. Katika karne ya 19 pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilipita hapa mabegani na vichwani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kati ya pwani na Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Msafiri Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na kimkokoteni chembamba kilichoundwa kwa ajili ya njia za miguu. Hakikufika Kwihara. Siku moja mpagazi mwenye nguvu aliingia kambini amekitwika kizima kichwani, magurudumu, ekseli na yote, kwa kuwa aliona kukibeba ni rahisi kuliko kukivuta. Stanley akaamuru kisukumwe kwenye matete, kikaachwa huko. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani. Mbung'o wakawaua ng'ombe, na magari yakaachwa. Edward Hore wa misheni hiyohiyo aliifikisha boti ya Morning Star Ujiji mwaka 1883, vipande vyake vikiwa juu ya mikokoteni, lakini waliovuta walikuwa watu. Vile vilivyoshindwa havikushindwa kwa sababu vyuma vyake vilikuwa dhaifu. Vilishindwa na njia na uwezo wa anayevuta, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyopaswa kukupimia ekseli hadi leo.

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayokata mabishano. Ng'ombe wa kazi anaweza kuvuta kwa saa kadhaa kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wawili wa kienyeji wenye kilo 300 kila mmoja wanakupa mvuto wa kilo 60 hivi. Kwenye barabara ya udongo iliyoshikana, mkokoteni wenye matairi ya upepo unadai mvuto wa karibu kilo 5 kwa kila kilo 100 za uzito wote, mzigo na mkokoteni pamoja. Kwa hiyo tani moja inahitaji kilo 50, na maksai wako wanaimudu. Sasa ingia kwenye mchanga mwororo, na Tabora mchanga haukosekani. Hapo kila kilo 100 zinaweza kudai mvuto wa kilo 15 au zaidi, na tani ileile inataka kilo 150. Ng'ombe wawili hawawezi. Watapiga magoti, na mwenye fimbo atadhani ni uvivu.

Tuseme umepima njia yako ukaona uzito wote usizidi kilo 800. Mkokoteni wenye ekseli ya lori na bodi ya mabati mazito unaweza kufika kilo 400 ukiwa mtupu. Nusu ya nguvu ya ng'ombe imeliwa kabla hujapakia gunia la kwanza. Ukiushusha hadi kilo 200, unapakia kilo 600. Magunia mawili ya kilo 100 umeyapata kwa kuchagua chuma tu, bila kumwongezea ng'ombe hatua hata moja.

Ekseli ipi, ya gari gani

Kwenye viwanja vya chuma chakavu vya mkoa huu utakutana na aina nne hivi. Ya kwanza, inayopendwa sana, ni ekseli ya nyuma ya Land Rover za zamani, zile Series II zilizoanza mwaka 1958 hadi Series III zilizokoma mwaka 1985. Ya pili ni ekseli za nyuma za pikapu, Toyota Hilux au Peugeot 504. Ya tatu ni ya lori, ya mbele au ya nyuma. Scania nyingi za nchi hii ziliunganishwa pale Kibaha, katika kiwanda cha TAMCO. Ya nne ni zile stabu za nyuma, yaani ekseli fupi za gurudumu mojamoja, za magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele.

Kabla ya kuuliza bei, angalia habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa karibu. Chuchumaa mbele ya gurudumu. Kama katikati ya habu kumechomoza kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa duara la boliti ndogo, na hilo duara liko ndani ya duara la nati za tairi, hapo hafu shafti inazungusha tu, haibebi uzito. Uzito umebebwa na beringi mbili zilizokaa juu ya bomba la ekseli. Land Rover za Series II na III ziko hivi, na boliti zake ndogo ni sita. Malori mengi pia yako hivi. Hii ni habari njema sana. Unafungua boliti hizo, unachomoa hafu shafti zote mbili, kisha unaitoa difu nzima, ile gia ya katikati ya ekseli, kwa mbele. Umepunguza zaidi ya kilo 20, na magurudumu yamebaki palepale yanazunguka kwenye beringi zake. Hakuna krauni inayozunguka bure wala oili ya kuvuruga.

Kama huoni duara hilo la ndani, na stadi za tairi zimetoka moja kwa moja kwenye sahani bapa, basi hafu shafti yenyewe ndiyo inayolishika gurudumu. Hilux na Peugeot nyingi ziko namna hiyo. Ukichomoa shafti, umechomoa gurudumu. Ukitoa difu, ncha ya ndani ya shafti inakosa pa kukaa. Ekseli ya namna hii inatumika kama ilivyo, na difu yake, na oili yake, na sili zake zikiwa nzima. Si mbaya, lakini ujue unabeba nini. Mtu akikuambia atakutolea difu ya Hilux ili iwe nyepesi, tafuta fundi mwingine.

Ukishaitoa difu ya Land Rover, limebaki tundu kubwa katikati na matundu mawili kwenye habu. Yazibe. Kata bati la milimita 3, toboa matundu ya boliti kwa kufuata gasketi ya zamani, funga kwa boliti zilezile. Vumbi la Tabora linamaliza beringi isiyozibwa kabla msimu haujaisha. Na kwa kuwa oili ya difu haipo tena, beringi za habu sasa zinategemea grisi pekee, zijaze vizuri.

Ekseli ya mbele ya lori ni boriti nene isiyo na difu, na sura yake inavutia. Shida ni mbili. Ni nzito, na magurudumu yake yanakata kona. Ukiitumia bila kuyafunga, yatayumba huku na huku na kuwatesa ng'ombe shingo. Naitaja kwa sababu watu wanaitumia. Mimi siipendekezi ila kwa tela la trekta.

Stabu za gari dogo wengi wanazidharau, na nadhani wanakosea. Mbili kati yake, zikifungwa kwa boliti kwenye bomba la mraba lenye unene wa kutosha, zinakupa mkokoteni mwepesi wa nusu tani unaotosha maji, kuni na mazao ya nyumba moja. Kwa punda wawili ni afadhali hizi kuliko kitu kingine chochote. Usizipakie tani. Kanuni yangu ni hii: ekseli isipewe mzigo unaozidi ule iliyoubeba ilipokuwa kwenye gari. Mwendo wa ng'ombe ni mdogo kweli, lakini makorongo na mashina hayana huruma, na gurudumu moja likitumbukia, uzito wote unalalia upande mmoja.

Kuikagua kabla ya kulipa

Beba brashi ya waya, kitambaa, kopo la mafuta ya taa, kipande cha chaki, sumaku na futi. Uanze na nyufa, kwa sababu ndizo zinazoua. Sugua kwa brashi sehemu ambapo stabu inaungana na bomba, na mzunguko wa sahani ya breki. Paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, ufute pakauke kabisa. Kisha saga chaki uipake hapo kama poda. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda kwenye chaki na kuchora mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Ukiuona mstari huo, ondoka. Usikubali kuambiwa utachomelewa.

Baada ya hapo, isukume ekseli ikiwa na magurudumu yake kwenye uwanja tambarare, uiachie. Iliyonyooka itakwenda mbele. Iliyopinda itavuta upande mmoja. Geuza bomba robo mzunguko, usukume tena, kwani kupinda kwa juu-chini hakuonekani kama kupinda kwa mbele-nyuma.

Fungua habu moja. Muuzaji atanung'unika, mwache. Toa beringi, ioshe kwa dizeli, ikaushe, uizungushe taratibu kwa kidole. Unatafuta vishimo kwenye vigololi au roli, rangi ya bluu inayoonyesha iliwahi kuungua, na kizimba kilichovunjika. Usoni mwake kuna namba, na namba hizo zinasema mengi. Kwenye beringi nyingi za milimita, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu: 6205 ni milimita 25, na 30206 ni milimita 30. Kanuni hii inaanzia 04. Chini ya hapo ina mpangilio wake. Inayoanzia na 6 ni ya gololi. Inayoanzia na 30 au 32 ni ya roli zenye mteremko, ambayo ndiyo unayoitaka kwenye habu ya mkokoteni. Namba zenye herufi mbele, kama LM, kwa kawaida ni za inchi na zinahitaji jedwali la muuza beringi. Ziandike namba hizo nyuma ya daftari lako la shamba. Siku beringi ikiisha katikati ya mavuno, utamtuma kijana dukani na namba badala ya kumtuma na kipande cha chuma kilichosagika.

Rimu ni suala la kupima tu. Kwenye rimu ya matundu sita, pima kutoka kitovu cha tundu moja hadi la mkabala wake. Toyota nyingi za kazi zinakupa milimita 139.7. Kwenye rimu ya matundu matano hakuna tundu la mkabala, kwa hiyo pima kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyorukana. Ukipata milimita 157 uko kwenye Land Rover. Chukua rimu tatu za aina moja, siyo mbili, ukizipata. Na usiogope tairi iliyochakaa kashata mradi haina mpasuko wa ubavuni. Kwa kilomita nne kwa saa itadumu. Kilicho muhimu mchangani ni ukubwa wa gurudumu. Tairi ya 7.50-16 ina kimo cha sentimita 80 hivi na inapanda juu ya mchanga ambapo tairi ya gari dogo inazama.

Rimu za lori zilizoundwa kwa vipande, zenye ringi ya pembeni, ni hatari. Zikiwa na upepo na ringi ikafyatuka, inaua aliyesimama mbele yake. Toa sindano ya valvu kabisa, hakikisha upepo umeisha, ndipo uguse nati. Wala asikuchomelee mtu yeyote rimu yenye tairi juu yake, hata kama tairi halina upepo: joto linaichemsha mipira ndani, gesi zinajikusanya, tairi linalipuka.

Kuunganisha

Stabu na ekseli nyingi zimefuliwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha kuzifanya zipasuke zikichomelewa zikiwa baridi. Kwa hiyo popote unapoweza kufunga kwa yubolti, funga kwa yubolti. Vile vikalio vya springi vilivyoko tayari juu ya bomba la ekseli viliwekwa na kiwanda kwa kazi hiyohiyo. Kalisha fremu yako hapo. Pasipo budi kuchomelea, fundi apashe moto eneo lote mpaka mate yakidondoshewa yachemke papo hapo, atumie vijiti vya 7018 vilivyokauka, na baada ya hapo asimwagie maji. Aifunike kwa majivu ipoe yenyewe. Fundi anayemwagia maji ili uondoke haraka anakutengenezea ufa wa mwakani. Kazi za kukereza unaweza kuulizia shirika la viwanda vidogo, SIDO, pale Tabora.

Springi sizipendi kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili. Ni uzito, na kwa mwendo ule hazimsaidii mtu. Ekseli ikae katikati ya bodi, au nyuma kidogo ya katikati, ili mzigo ulalie nira kwa kiasi kidogo. Kipimo chake ni rahisi: pakia, kisha mtu mzima mmoja ainue ncha ya mti wa kukokotea kwa mikono miwili. Akishindwa, shingo za ng'ombe zinaumia. Ikijiinua yenyewe, nira inawakaba koo mlimani.

Breki unazo tayari, usizitupe. Dramu na viatu vilivyomo kwenye habu vinaweza kuvutwa kwa waya wa breki ya mkono. Safisha vumbi la ndani kwa kitambaa chenye maji, usilipulize, kwani bitana za zamani zilikuwa na asbesto.

Masalio

Springi ulizozikataa zipeleke kwa mhunzi. Majani yake ni chuma kizuri cha panga, tezo na jembe. Akishamaliza kufua, apashe makali hadi sumaku isikamate tena, na joto lipande kidogo zaidi, kisha azamishe kwenye oili ya moto kiasi, siyo maji. Jembe lirudishwe motoni taratibu hadi chuma kilichosuguliwa kigeuke bluu, ndipo halitavunjika kwenye mizizi. Hafu shafti ya lori isimamishwe ndani ya gogo, sahani yake ikiwa juu, na una fuawe. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu: haishiki sumaku, haili kutu, nzuri kwa hori la kulishia, ipigwe ripiti, isichomelewe kwa vijiti vya chuma.

Urambo nako kuna vyuma vya aina yake. Ilikuwa moja ya maeneo matatu ya mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, ukaacha nyuma mitambo mingi mizito. Ukikutana na boliti za mashine za enzi hiyo, kumbuka uzi wake ni wa inchi. Nati ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili halafu ikagoma. Usiilazimishe kwa bomba. Pini za minyororo ya katapila zinatoa mitaimbo na tindo za kudumu.

Viko vyuma ambavyo hutavigusa hata ukipewa bure. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na vipande vya reli, mataruma ya chuma na boliti zake ni mali ya umma. Kukutwa navyo ni kesi. Vivyo hivyo vyuma vya nguzo za umeme na vibao vya barabarani. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, udai risiti, na kama ekseli inatoka kijijini, mtendaji wa kijiji aandike barua. Kipande cha zamani kikifukuliwa karibu na Tembe la Kwihara, nyumba ya kale iliyo makumbusho, au kwenye magofu ya jirani, kiache kilipo na uwaarifu walinzi wa makumbusho. Na kwa kuwa Tabora ilipiganiwa hadi ikatekwa na majeshi ya Ubelgiji tarehe 19 Septemba 1916, chuma kizito chenye umbo la risasi kubwa kisigongwe, kisipashwe moto, kisihamishwe, ita polisi.

Kabla ya safari ya kwanza, rekebisha beringi. Kaza nati ya habu huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, kisha uilegeze sehemu moja ya sita ya mzunguko, utie kotapini mpya. Shika tairi juu na chini ulitikise: lisigonge, na likisukumwa lizunguke bila kukwaruza. Bandika viakisi mwanga vyekundu nyuma na vyeupe mbele, maana malori ya usiku hayaoni ng'ombe. Jioni ya siku ya kwanza, ukishawafungua maksai na kuwapa maji, pitia nati za tairi na yubolti zote kwa spana. Zitakuwa zimelegea kidogo. Rudia baada ya wiki, halafu kila msimu fungua habu, osha, tia grisi mpya.